Zima sauti, kisha uniambie kama wanapendana

Kazi yangu ni kupamba maharusi hapa Tanga. Napaka hina, nachora piko, ile rangi nyeusi ya maua, na siku ya shughuli naremba uso. Kwa kazi hii nimeangalia picha za mapenzi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Bibi harusi akishachorwa mikono na miguu hawezi tena kufanya kitu. Hashiki simu, hajikuni, khanga ikimlegea anafungwa na wenzake, akitaka maji ananyweshwa. Anakaa mkekani, mito mgongoni, miguu kainyoosha, mikono kailaza juu ya taulo na vidole kavipanua, anasubiri ikauke. Cha kumshughulisha ni televisheni tu, na msichana anayeolewa keshokutwa hataki taarifa ya habari wala mpira. Anataka mapenzi.

Kwa hiyo chumbani kwangu, Ngamiani, picha zinazunguka mwaka mzima. Kijana mmoja wa barabara ya 12 ananijazia flashi. Nina za Kihindi, za Kizungu, za Kinaijeria, za Kibongo, na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Siangalii sana picha zenyewe, maana macho yangu yako kwenye mkono wa mtu. Nawaangalia wanaoangalia. Kiganja kinaniambia: mwari akiguswa na kitu kwenye picha, vidole vinakaza, na mimi lazima ninyanyue kijiti changu haraka kabla ua halijaharibika.

Msikiti uko karibu sana na nyumba yangu. Adhana ikiingia nazima sauti. Picha yenyewe naiacha iende, kwa sababu mwenye mikono mibichi hana pengine pa kutazama. Ni dakika chache tu, lakini ndizo zilizonifundisha nani mwigizaji na nani mpiga maneno. Kuna picha ambazo muadhini akimaliza tu, watu wanauliza kwa pamoja, "Kasemaje? Yule mwanamke kajibu nini?" na inabidi nirudishe nyuma. Na kuna picha ambazo hakuna anayeuliza. Sauti ilikuwa haipo, na bado chumba kizima kimeelewa kwamba huyu kampenda yule, kwamba yule anajua na anajifanya hajui, na kwamba mlangoni kuna mtu kawaona.

Mfano wangu mkubwa ni picha ya Kihindi, Dilwale Dulhania Le Jayenge, ya mwaka 1995, picha ya kwanza kuongozwa na Aditya Chopra. Nadhani hakuna bibi harusi wa rika langu hapa mjini ambaye hajaiona. Simran ameshachumbiwa mtoto wa rafiki wa babake, kule Punjab. Raj anamfuata mpaka huko, lakini hataki kutoroka naye. Hata mama mtu anapowaletea vito vyake na kuwaambia kimbieni, Raj anakataa, anamtaka binti kwa ridhaa ya baba. Hapo ndipo mabibi wetu wanapompendea. Wanasema huyu kijana kalelewa.

Mwisho wake kila mtu anaujua: treni inaondoka, Raj yuko mlangoni uso umevimba kwa kipigo, na baba kamshika Simran mkono, hamwachii. Jioni moja tukio hilo liliangukia kwenye adhana ya Magharibi. Nikazima. Akabaki Amrish Puri, aliyeigiza baba, na uso wake. Huyu ndiye yule yule tuliyemzoea kama adui, Mogambo wa Mr. India, mtu ambaye macho yake yakitoka tu watoto wanajificha nyuma ya mama zao. Hapa hafanyi lolote kubwa. Anamtazama binti yake, anamtazama yule kijana, na unaona ugumu unavyomtoka usoni kidogo kidogo, mpaka vidole vinaachia. Mwari niliyekuwa nampaka machozi yakamshuka mpaka kidevuni, na hawezi kujifuta. Nilimfuta mimi kwa upindo wa khanga yangu. Somo yake aliyekaa pembeni akamwambia, "Lia, mwanangu, baba yako naye kesho ataachia hivyo hivyo." Neno la picha hatukusikia hata moja.

Na Kajol, huyo Simran mwenyewe! Watu wanamsifu Shah Rukh Khan, aliyekuwa Raj, nami namsifu, lakini picha zile zimebebwa na Kajol. Ana macho yasiyojua kuficha. Angalieni Kuch Kuch Hota Hai ya 1998, wanapocheza kwenye mvua, yeye na Shah Rukh, ameshachumbiwa mtu mwingine. Mwanzoni anacheka. Kisha kicheko kinaondoka na uso unabaki na kitu ambacho mwenyewe anakiogopa. Hilo huwezi kuandikiwa kwenye karatasi na mtu, ni lako mwenyewe. Filmfare, wale wa tuzo za filamu za Kihindi, walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa picha zote hizo mbili, na kwangu mimi walifanya haki.

Mama yangu yeye ni wa zama za sinema. Alikuwa anakwenda jumba la sinema la Majestic na wenzake Jumapili, wamejitanda, wamepaka wanja, na tiketi walikuwa wanazidunduliza wiki nzima. Kihindi hawakijui, na kwenye pazia hakukuwa na mtu wa kuwatafsiria. Wakitoka pale njia nzima wanasimuliana, na hakuna anayepinga kilichosemwa, ingawa hakuna aliyekisikia kwa kukielewa. Yeye ni mtu wa Raj Kapoor na Nargis. Ukimtajia Shree 420, ya 1955, atakuonyesha kwa mikono yake ule mwavuli mmoja kwenye mvua: Raj anausogeza kwa Nargis, Nargis anaurudisha kwa Raj, na kila mmoja anakubali kulowa ili mwenziwe asilowe. Wimbo unaoimbwa pale ni sauti za Lata Mangeshkar na Manna Dey, waigizaji wanafumbua midomo tu. Sasa fikiria kazi waliyonayo. Sauti si yako, maneno si yako, umebakiwa na shingo, macho, mabega na mkono ulioshika mwavuli. Ndiyo maana waigizaji wa zamani wa Kihindi walikuwa hodari hivi. Walizoea kupenda kwa kutumia sauti ya mtu mwingine.

Kutoka kwa mama nikaijua Mughal-e-Azam ya 1960. Mle mna tukio ambalo Dilip Kumar anapitisha unyoya usoni kwa Madhubala, na nyuma mtu anaimba kwa mbali. Basi, hakuna zaidi. Hawabusiani, hawasemi kitu. Nikiiweka hiyo kwa wasichana wa siku hizi huwa wananisuta mwanzoni kwamba nimewaletea picha ya kizee, lakini unyoya ukianza kutembea wanajikuta wamenyamaza. Picha ile ilichukua miaka mingi kukamilika, na katikati ya kazi wale wawili, waliokuwa wapenzi kwelikweli, wakaachana. Mtu umeachana naye, anakuja kazini, anakaa karibu na uso wako, na unampenda mbele ya kamera kama hakuna kilichotokea. Namheshimu Madhubala kwa hilo kuliko kwa uzuri wake, na uzuri aliokuwa nao si mchezo.

Za Kizungu nitasema kidogo. Titanic bado inaombwa, na Kate Winslet anafaulu mtihani wangu bila shida. Nyingi nyingine zinategemea maneno ya kuchekesha, na ukizima sauti unabaki na watu wawili wazuri wanaokunywa kahawa.

Nakumbuka pia enzi za mikanda na mabanda ya video, wakati picha zilipoanza kuja na mtafsiri ndani yake. Lufufu alikuwa fundi. Picha ya vita akiisimulia Lufufu unaipenda mara mbili. Ila kwenye mapenzi mimi mtafsiri ananikatili. Mwanamke kageuza shingo, kamtazama mwanamume, kimya, na hapo hapo sauti inaingia kukueleza kwamba dada huyu moyo wake unamdunda. Niachie nione mwenyewe jamani!

Sasa za kwetu, na hapa ndipo ninapoumia, kwa sababu nazipenda. Lugha ni yangu, nyumba ni kama zetu, mama mkwe wa kwenye picha namjua, anakaa mtaa wa pili. Lakini adhana ikiingia, picha ya Kibongo inakufa. Waigizaji wanaongea tangu mwanzo hadi mwisho. Na wakishindwa kuongea wao kwa wao, inapigwa simu. Dada yuko kitandani, kajipamba, simu sikioni: "Unasemaje? Eti umeamua kuniacha? Kwa sababu ya Vero?" Kila kitu anakirudia ili sisi tusikie. Najua chanzo chake. Pesa zilikuwa ndogo, na tukio la simu linahitaji mwigizaji mmoja na chumba kimoja tu. Halafu kulikuwa na ule mtindo wa kuikata picha iwe sehemu ya kwanza na sehemu ya pili ili iuzwe mara mbili. Ukitaka kujaza saa tatu kwa hadithi ya saa moja na nusu, utaongea tu.

Lakini uwezo tulikuwa nao, na tunao. Steven Kanumba alijua kunyamaza. Alitokea Kaole Sanaa Group, kundi lililotupa pia Ray na Johari. Kanumba akiigiza mwanamume aliyetendwa, alikuwa na namna ya kuvuta pumzi kwanza, akatazama chini, kisha akanyanyua macho yameshajaa machozi. Kwenye A Point of No Return, yeye na Wema Sepetu, tulikuwa tunarudisha nyuma ili tumwangalie tu, wala si kwa kupitwa na maneno. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, Jumamosi, kesho yake Pasaka, akiwa na miaka 28. Siku ile nilikuwa kwenye nyumba ya shughuli. Habari zilipoingia kwa simu, mziki ulizimwa bila mtu kuamriwa, na wanawake waliokuwa wanamenya vitunguu uani wakaacha visu. Hakuna pale aliyewahi kumwona kwa macho.

Na sisi wa Tanga tusisahau tulikuwa na Mzee Majuto. Alikuwa wa vichekesho, hilo najua, lakini sikilizeni. Mzee yule ukizima sauti bado unacheka. Akikunja mdomo, akizungusha macho, akijishika kiuno kusubiri apewe pesa yake, chumba kizima kiko chini. Mwana wa Tanga aliweza kuibeba picha kwa uso wake tu. Kama uso wa Kiswahili unaweza kuchekesha bila neno, unaweza pia kupenda bila neno. Sioni kwa nini ishindikane.

Tena imeshaonekana haishindikani. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, nimeiweka chumbani kwangu zaidi ya mara moja. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin katoka kwenye ndoa asiyoitaka, Denge yuko kwenye mapambano ya uhuru. Ikhlas Gafur Vora aliyeigiza Yasmin anaachiwa nafasi ya kutazama, na kamera inamsubiri. Kuna wasichana walilalamika kwamba inakwenda polepole. Lakini adhana ilipoingia hakuna aliyeniuliza kasemaje, na mimi nilisikia furaha kubwa moyoni, maana kwa mara ya kwanza waliokuwa wanapendana bila sauti walikuwa wamevaa nguo zetu na kusimama kwenye milango yetu.

Siku moja bibi wa mwari mmoja alikuwa hapa, mtu mzima sana, anapakwa hina vidole vya miguu ili naye asibaki nyuma. Mjukuu anamtaka Shah Rukh, bibi anasema Shah Rukh anatandaza mikono kupita kiasi, mapenzi gani ya kupanua mabawa. Dilip Kumar alikuwa anasimama tu. Mjukuu akamjibu, "Bibi, zama zenu mlikuwa mnaogopa." Bibi akasema, "Tulikuwa tunaogopa, ndiyo, na ndiyo maana jicho lilikuwa na kazi." Mimi niko upande wa bibi.

Kwa hiyo nyinyi mnaotengeneza filamu, kama kuna mmoja wenu anasoma hapa, nina tukio la kuwapa. Nyumba ya Ngamiani, usiku wa piko. Chumba kimejaa wanawake, kaseti ya taarabu iko chini chini. Bibi harusi kalazwa miguu na mikono, hawezi kugusa kitu. Hodi inapigwa uani: kijana wa dukani kaleta kreti za soda za shughuli. Ni yeye aliyekuwa anampenda, na anayemwoa si yeye, na mle chumbani hakuna anayejua isipokuwa kungwi. Pazia la mlango limenyanyuliwa na upepo wa feni. Kijana anatua kreti, ananyanyua kichwa, anaona ile mikono. Mwanamke mmoja anamwuliza bei ya chupa zilizozidi. Anataja bei, anapokea pesa, anaondoka.

Nataka mtu aipige hiyo, hapa hapa Tanga, na msimpe mwari neno hata moja la kusema. Mwigizaji wa kike nitampaka piko mwenyewe, mikono na miguu, bure.