Namba nzuri, mwili hoi

Hii siku siisahau. Nilikuwa wiki ya sita natumia mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani usiku ili koo lisijifunge, na nilienda kliniki nimeshaamua kuirudisha. Nilipopimwa mwanzo pumzi ilikuwa inakatika mara 38 kwa saa, na kuanzia 30 inahesabika kali. Dokta akafungua ripoti ya mashine akatabasamu, imeshuka hadi 2, chini ya 5 ni kawaida kabisa, hongera.

Nikamwambia dokta samahani, mi naamka kichwa kizito kama sijalala, juzi nimesinzia kwenye taa nyekundu mkono uko kwenye usukani, honi za nyuma ndo zimenishtua, na mwanangu nilikuwa nae kwenye gari.

Akanyamaza, akarudi kwenye ripoti, safari hii akashuka mpaka kwenye grafu ya masaa. Kila usiku mstari unaanza saa nne halafu unakatika saa nane, saa tisa. Akaniuliza, huwa unaivua? Nikasema hapana, na nilikuwa nasema kweli ninavyojua mimi, ila hapo hapo nikamkumbuka mke wangu, maana ameshaniambia zaidi ya mara moja kwamba asubuhi maski anaikuta chini ya mto, mi nikajua imechomoka alfajiri tu. Kumbe naivua mwenyewe usingizini.

Ile 2 ilikuwa ya masaa niliyovaa tu, ukishaivua mashine haihesabu kitu. Na usingizi wa ndoto unakuja zaidi nusu ya pili ya usiku, misuli ya koo inalegea, watu wengi pumzi inakatika zaidi muda huo. Yaani nilikuwa nakosa tiba pale pale ninapoihitaji sana! Uchovu wangu ulikuwa unasema kweli kwamba kuna shida, ila mi nilishailaumu mashine, na bila ile grafu ningeirudisha siku ile ile.

Maski ilikuwa inanibana, juu ya pua pana alama nyekundu haiishi, akanibadilishia saizi na kuongeza unyevu wa hewa. Siku kadhaa zikapita bado naivua. Halafu asubuhi moja nikaamka kabla ya alamu, kumeanza kupambazuka, maski iko usoni bado inapuliza, nikabaki nimelala tu naisikiliza, kichwa chepesi.