Siku moja maishani mwangu: kumtafutia bakteria sugu adui wake

Saa 1 asubuhi nimeshavaa koti la maabara na glavu, kwa maana sahani nilizozilaza katika kabati la joto la nyuzi 37 zina jibu la swali la jana. Humo nimeotesha E. coli aliyetolewa kwenye ini la kuku aliyekufa, bakteria ambaye katika vipimo vyetu alihimili antibiotiki za tetrasaiklini, ampisilini na hata siprofloksasini. Ninaiinua sahani kuelekea dirishani. Juu ya utando wa kijivu wa bakteria yametapakaa madoa angavu, mengine madogo kama tundu la sindano, na kila doa ni mahali ambapo bakteriofaji, au faji kwa ufupi, kirusi anayewaua bakteria, alimwingia bakteria, akazaliana ndani yake, akampasua, na wazao wake wakawavamia majirani. Nimeyaona madoa haya kwa miaka, na bado moyo hunienda mbio.

Faji hawa walitoka kwenye majimaji ya samadi tuliyoyapitisha katika kichujio chenye matundu ya mikromita 0.22, ambacho huzuia bakteria na kuwaachia virusi njia. Hadi saa 4 ninadonoa doa mojamoja kwa ncha ya pipeti na kuwaotesha upya, ili kila chupa ibaki na aina moja tu.

Saa 5 mfugaji ananipigia simu. “Daktari, hao virusi watamtibu na ng’ombe wangu mwenye kiwele kilichovimba?” Ninamjibu kwamba kwanza nahitaji sampuli ya maziwa, kwa sababu faji huchagua mno: anayemuua E. coli wa banda moja huenda asimguse wa banda la pili. Uchaguzi huo huwanusuru bakteria wema wa utumbo, lakini hutulazimu kumjua adui kabla ya kutibu, jambo ambalo antibiotiki zilitusahaulisha. Mwanasayansi Félix d’Herelle aliwajaribu faji kwa kuku wenye homa ya matumbo huko Ufaransa mwaka 1919, zaidi ya miaka ishirini kabla ya penisilini kuanza kutumiwa sana.

Saa 8 mchana yanafika majibu ya vinasaba, na kati ya faji watano ninawakataa wawili. Wana jeni la kujipachika katika vinasaba vya bakteria na kutulia humo bila kumuua, na faji wa namna hiyo anaweza kuhamisha hata jeni za usugu. Inauma kuwaacha, kwani mmoja wao alitoa madoa mapana kuliko wote.

Saa 11 jioni ninazirudia sahani za asubuhi. Katikati ya doa moja kubwa limeota koloni dogo jeupe: bakteria waliomshinda faji, yamkini kwa kubadili kipokezi, yaani sehemu ya ngozi yao ambayo faji alikuwa akiishikilia. Ninawachukua, ninawaotesha kwenye sahani mpya, kisha ninawadondoshea wale faji wengine wawili kati ya watatu waliosalia, ili kesho nijue ni yupi wa kumwongeza katika mchanganyiko wa faji wa kutibu.