Magendo ya hariri

Shemeji kanirudishia Lud-in-the-Mist jana, jalada lina doa la chai. “Mbona haina vita?” akalalamika. Kweli, riwaya hii ya Hope Mirrlees, iliyotoka Uingereza mwaka 1926, inamhusu meya mnene, Nathaniel Chanticleer, na matunda ya magendo kutoka nchi ya vibwengo. Mwanawe keshayala.

Ninachokipenda mimi ni sheria ya mji ule. Kutaja matunda hayo ni aibu kubwa, kwa hiyo mahakamani yanaitwa hariri! Mtu anashtakiwa kwa kuingiza kitambaa, na kila mmoja anajua ni nini. Nilipofika hapo nilicheka ndani ya daladala hadi konda akanigeukia.

Shemeji anasema sehemu hiyo aliiruka. Nimemrudishia kitabu.