Mazuku Inalala Chini

Mwalimu wetu wa kwanza wa Kemia alituita kwa namba zetu kwenye orodha ya darasa. Mimi nilikuwa namba 23. Ulikuwa mwaka wa shule 2005-2006, darasa la tatu la humanite, yaani sekondari, seksheni ya Biolojia-Kemia, hapa Goma, mashariki ya Kongo. Mzee yule aliingia, akatupa mgongo, akaanza kuandika kwa Kifaransa kutoka pembe ya juu ya ubao mpaka ya chini, akafuta, akaanza tena. Mkononi alikuwa na chaki tu. Kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Ukimwuliza swali, alirudia sentensi ileile kwa sauti ileile, kisha akaendelea. Tulimwogopa, tukamheshimu, na siku ya intero, yaani jaribio, tukamrudishia maneno yake kama alivyotupa. Nilipata 17 juu ya 20.

Mwaka uliofuata presha ilimshika, akabaki nyumbani kwake Katindo. Prefe, mkuu wa shule, hakuwa na mtu wa kuweka mahali pake. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliokuwa wakitoa primi ili walimu waendelee kuja darasani, na mtu aliyesoma sayansi, katika Goma ya wakati ule iliyojaa mashirika, hakukawia kupata kazi ya kulipwa kwa dola. Basi saa za Kemia akapewa mwalimu mwingine, tuliyemwita Prof.

Prof alikuwa amesomea Historia. Wote tulijua, na hakuna aliyejali, kwa sababu tulimpenda. Alijua majina yetu baada ya wiki moja. Alijua nani anaishi kwa shangazi, nani anauza samaki wa sambaza na mama yake jioni, nani hajala. Wanafunzi walipofukuzwa kwa ajili ya minerivali, yaani ada ya shule, aliwafuata mpaka getini, kisha akaingia ofisini kwa prefe kuwaombea. Nilipougua malaria alikuja nyumbani kwetu Keshero kwa miguu, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akamwambia mama kwamba darasa halijanisahau. Na alitufafanulia kwa Kiswahili. Hili halikuwa dogo. Kwa mara ya kwanza nilisikia atomi na molekuli zikizungumzwa katika lugha ninayoombea chumvi mezani.

Siku moja msichana wa benchi la mbele aliuliza: "Prof, mazuku ni kitu gani hasa?"

Kwa asiye wa huku, mazuku ni ile hewa mbaya inayotoka ardhini upande wa magharibi wa mji, kuanzia Himbi kuelekea Lac Vert, Mugunga na Sake, kandokando ya Ziwa Kivu. Tumekua nayo. Unasikia mbuzi wa fulani wamekutwa wamekufa alfajiri bila alama mwilini, au mtu aliyelala mahali pabaya hakuamka. Wazee wengine husema ni roho mbaya.

Prof alifurahia swali. Akasema hakuna roho, ni gesi ya volkano. Halafu akaendelea: gesi ni nyepesi, inatoka na joto la chini na kupanda juu kama moshi. "Mkiikuta mahali, fanyeni kama mtu aliye ndani ya nyumba inayoungua. Chini ndiko kuna hewa safi. Funika pua, lala chini, tambaa mpaka utoke."

Hakutudanganya makusudi. Ndani ya nyumba iliyojaa moshi ushauri ule ungekuokoa. Tena ulilingana na tulichokiona kwa macho. Tarehe 17 Januari 2002, nikiwa na miaka 10, tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, na magodoro kichwani huku volkano ya Nyiragongo ikimwaga moto katikati ya mji, na moshi wote niliouona siku ile ulikuwa unapanda. Darasa zima lilitikisa kichwa kwa kukubali. Nami niliandika, nikapigia mstari.

Ilikuwa Machi 2007, asubuhi ya Jumamosi. Nilikuwa nimelala kwa mama mdogo, karibu na barabara ya Sake. Usiku mvua ilinyesha, kisha upepo ukatulia kabisa, baridi ikabaki imetanda. Kabla jua halijatoka mama mdogo alinituma pamoja na mtoto wake, aliyekuwa na miaka 7, tukamlete mbuzi aliyekuwa amekata kamba jioni. Tulimwona upesi. Alikuwa ndani ya bonde dogo, katikati ya mawe meusi na majani mabichi, amelala ubavu, miguu imenyooka.

"Yaya, amesinzia," mdogo wangu akasema, akateremka mbio.

Alifika kwa yule mbuzi, akainama ashike kamba, akakaa. Niliona kama amechoka tu. Kisha akalala juu ya mgongo wa mbuzi.

Niliteremka. Maji yangekuwa yamejaa mle ndani, yangenifika kiunoni hivi. Nayasema haya leo kwa kuwa najua kilichokuwamo. Wakati ule sikuona kitu. Hewa ilikuwa safi machoni, haina moshi, haina rangi. Lakini nilikumbuka mazuku, na papo hapo nikamkumbuka Prof, sauti yake kabisa, ile ya upole. Lala chini. Tambaa. Nikavuta shati mpaka puani, nikapiga magoti.

Pua ilichoma kama unapokunywa Fanta haraka ikakurudia puani. Pumzi zikaanza kwenda zenyewe, mbio, mbio, na kila nilivyovuta ndivyo nilivyozidi kukosa. Masikio yakalia. Nikajiambia sijashuka vya kutosha. Nikainamisha kichwa zaidi.

"Simama! Simama weye! Inua kichwa!"

Alikuwa mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anapeleka makala, yaani mkaa, mjini. Aliacha mzigo wake barabarani, akavuta pumzi moja kubwa akaifunga, akaingia wima kama anayevuka mto. Alinishika kola akaninyanyua, akanisukuma juu ya mteremko, akageuka, akamtoa mtoto kwa mkono mmoja. Tulipofika kando ya lami alimlaza kifudifudi juu ya mifuko ya makala, akamsugua mgongo, akamwita "papa, papa, amka papa", kama tunavyowaita watoto wetu wa kiume. Sijui ilichukua muda gani. Mdogo wangu alikohoa, akatapika, akalia. Sijawahi kusikia kilio kizuri kama kile.

"Nani alikufundisha kuinama?" yule mtu aliniuliza. "Mazuku inalala chini. Mtoto mfupi ndiye inamchukua kwanza. Hujui?"

Sikuweza kumjibu kwamba nimefundishwa shuleni.

Jioni ile, nyumbani, nilifungua sanduku la madaftari ya zamani. Sikujua natafuta nini. Katika daftari la Kemia la mwaka uliotangulia, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwa Kifaransa cha mzee, niliikuta: CO2 (kaboni dioksidi, ndiyo gesi ya mazuku), uzani wa molekuli 44, hewa 29, 44 gawa kwa 29 ni 1.52, gesi hii ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni. Pembeni palikuwa na alama nyekundu ya sahihi.

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeiandika, nimeikariri, nimepewa pointi juu yake, na haikunijia hata kidogo nilipoinama mle bondeni. Mzee alinipa ukweli, ukalala ndani ya daftari. Prof alinipa kosa, nalo likanifuata mpaka shimoni na kunisemesha kwa sauti yake.

Sasa nami ni mwalimu, na mara nyingi nawasikia wenzangu wakisema kwamba la maana ni kuwapenda watoto, somo lenyewe mwalimu atalisoma usiku mmoja kabla. Siwezi kulikubali. Mwalimu tusiyempenda tunamsikiliza kwa sikio moja, maneno yake tunayapima, mara nyingine tunayakataa kwa ukaidi tu. Prof hatukumpima. Tulimwachia mlango wazi, na chochote alichoingiza kilikaa. Ukishapewa mlango kama huo huna ruhusa ya kubahatisha. Mzee, kwa upande wake, alikuwa na ghala lililojaa na hakuwahi kumfungulia mtu. Nikilazimishwa kuchagua kati yao, bado ningemchagua Prof, kwa sababu ya alichokifanya Jumatatu.

Nilimngoja chini ya mwembe kabla ya kengele, nikampa daftari, nikamweleza. Alisoma ule ukurasa mara mbili.

"Ni mimi niliyekwambia ulale chini?"

"Ndiyo, Prof."

"Mdogo wako yuko wapi sasa?"

"Yuko nyumbani, Prof. Amepona."

Aliketi kwenye jiwe. Alikaa pale mpaka kengele ikalia na ikapita. Siku ile hakutufundisha Kemia. Jioni, nilikuja kujua baadaye, alikwenda Katindo.

Jumatano aliingia na beseni refu, ndimu, bikabonati ya jikoni, na mabuji, yaani mishumaa, matatu: moja fupi, moja la kati, moja refu. Kabla ya kugusa chochote aliandika ubaoni, kwa Kiswahili: *Nilikosea*. Akaeleza alikosea wapi, na kwamba kosa lake nusura liue watu wawili. Sauti ilimtetemeka na hakuificha. Darasa la watoto 40 na zaidi lilikuwa kimya kama kanisa.

Akayasimamisha mabuji ndani ya beseni, akayawasha, akamwaga bikabonati, akaikamulia ndimu. Povu likapanda. Tulisogea tukaizunguka meza. Fupi likazimika la kwanza, bila upepo, bila mtu kulipuliza. Tukangoja. La kati likayumba, likazimika. Refu likaendelea kuwaka. Prof akaonyesha lile fupi kwa kidole, akaniangalia, wala hakuhitaji kutaja jina. Halafu akatueleza kuhusu ziwa Nyos la Kameruni, Agosti 1986, ambako gesi hiihii ilitoka majini usiku, ikateremka mabondeni na kuua watu karibu 1,700 pamoja na mifugo yao. Na kwamba Kivu yetu pia ina gesi hiyo kilindini. Yote aliyasema kwa Kiswahili, na yote yalikuwa sahihi, maana alikuwa ameyaandika kwa mkono kwenye karatasi nne, na mwandiko wa pembeni, ule wa kusahihisha, niliutambua.

Baada ya masomo alinisindikiza mpaka njia panda. Akaniambia mzee alimpokea vizuri, walikaa mpaka usiku, na alilia aliposikia habari za mtoto. Alitaka kujua ni mwanafunzi gani. Prof akamtajia jina langu, akaeleza nilivyo, ninapokaa, mama yangu anafanya nini. Mzee alifikiri sana, akashindwa kunikumbuka.

Nilimwomba Prof, akirudi kule, amwambie ni namba 23.