Difu Niliiacha, Giaboksi Nikaibadilisha

Marehemu baba aliniachia MGB GT ya mwaka 1972, gari dogo la michezo la Kiingereza, aliyoinunua kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akihama Dar es Salaam. Kwa miaka mingi niliiendesha kati ya Upanga na Msasani bila kinyongo, lakini kila nilipokwenda nayo Morogoro nilirudi masikio yakivuma, kwani kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa injini ilizunguka karibu mara 3,450 kwa dakika, na gia ya nne ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

Fundi wangu wa Gerezani alishauri tubadilishe difu, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Kabla ya kufungua chochote nilitaka kujua uwiano wa ile iliyokuwamo, yaani propela, ule mtaimbo unaotoka giaboksi hadi difu, huzunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja. Tulipandisha gurudumu moja la nyuma kwa jeki, yale mengine tukayawekea vigingi, tukaachia breki ya mkono na kutoa gia, kisha tukatia alama za chaki kwenye tairi na kwenye propela. Gurudumu moja la nyuma linapozuiwa, lile lililo hewani huzunguka mara mbili ndipo krauni, gia kubwa iliyo ndani ya difu, izunguke mara moja. Fundi alilisahau jambo hilo, akapata nusu ya hesabu na kunitangazia kwamba difu si ya gari hili. Tulirudia: tairi mara 20, propela mara 39 na chembe. Huo ni uwiano wa 3.909, krauni ya meno 43 na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, ya meno 11, kama gari lilivyotoka kiwandani Abingdon.

Difu ya 3.07, iliyofungwa kwenye MGB GT V8 yenye injini ya lita 3.5, ingeishusha mizunguko yangu hadi 2,700 hivi, na nakiri kwamba namba hiyo ilinitia tamaa. Lakini difu hairefushi gia ya mwisho peke yake, inazirefusha zote. Gia yangu ya kwanza ina uwiano wa 3.44: ukiuzidisha kwa 3.909 unapata mizunguko 13.4 ya injini kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, na kwa 3.07 unapata 10.6 tu. Kwa injini ya lita 1.8, kusimama na kuondoka kwa gia ndefu namna hiyo katika foleni ya Ubungo, jua la saa nane likiwaka, ni kuichoma klachi kwa hiari yako.

Niliamua kutafuta giaboksi yenye ovadraivu ya Laycock, gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini kwa mwendo uleule, ambayo enzi hizo mnunuzi aliilipia zaidi. Kifaa hicho hukaa nyuma ya giaboksi, huwashwa kwa swichi, na hufanya kazi kwenye gia ya tatu na ya nne pekee, kikizidisha uwiano kwa 0.82, hivyo gia za chini hubaki kama zilivyokuwa. Iliyotumika ililetwa na ndugu yangu kutoka Uingereza ndani ya kontena. Kuifunga kulitaka injini na giaboksi vitolewe pamoja kwa mbele, kazi iliyotuchukua siku nne.

Tulipoijaribu, ovadraivu haikushika. Tulikagua nyaya na solenoidi, ile sumaku ya umeme inayoiwasha, siku nzima, kumbe kosa lilikuwa kwenye oili: kijana wa gereji, kwa mazoea, alikuwa ametia oili nzito ya gia, ilhali giaboksi hii na ovadraivu yake hutumia oili moja, ile ya injini ya 20W/50. Tuliimwaga, tukasafisha chujio na kujaza upya, nayo ikashika kabla hatujafika Kimara.

Sasa kilomita 100 kwa saa ni mizunguko 2,830 hivi. Faida nisiyoitarajia niliipata kwenye mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto, ambako gia ya tatu yenye ovadraivu huziba vizuri pengo lililopo kati ya ya tatu na ya nne. Na mke wangu, ambaye safari zote za Morogoro alikuwa akilala au akijifanya amelala, safari hii tulizungumza hadi Mikese.