Chitty Chitty Bang Bang kwa skeli ya 1:10: bawa la kwanza limefunguka

Tezi ya modeli hii ya gari la filamu (yaani sehemu ya nyuma, yenye umbo la mashua) imekamilika, boneti inang'aa, na bawa la kushoto linafunguka lote bila kusaidiwa kwa mkono. La kulia bado linakwama.

Gari linaloigwa ni lile lenye namba GEN 11, lililobuniwa na Ken Adam, mbunifu wa mandhari za filamu, na kuundwa na timu ya mbio za magari ya Alan Mann Racing huko Uingereza kwa ajili ya filamu ya 1968 yenye jina hilohilo, ambamo gari hilo linaruka angani. Zile moja mbili zikisomwa kama herufi i, namba inakuwa "genii", yaani majini. Urefu wake ni takriban futi 17, kwa hiyo modeli ina sentimita 52.

Tezi ya gari halisi iliundwa kama ya mashua, kwa mbao za mwerezi mwekundu na mweupe. Hapa zimetumika fito za mwerezi zenye upana wa milimita 6 na unene wa 1.5. Ziloweke dakika 20 kwenye maji ya moto, zikunje kwenye chupa, uzifunge kwa mpira, kisha ziache hadi kesho yake. Usizibandike kwa gundi zikiwa na unyevu: mbao ikikauka husinyaa, na kila kiungo kinaacha ufa.

Boneti ni bati la alumini la milimita 0.3. La kopo la soda ni jembamba mno, linabonyea hata kwa kidole. Msasa namba 800, 1500, kisha 2000, wote pamoja na maji. Upande wa ndani uache na mikwaruzo, maana gundi haishiki alumini iliyosuguliwa laini.

Kazi kubwa ni mabawa, na ndiyo roho ya gari hili. Kila moja lina njiti 5 za mwavuli mbovu, sentimita 16 kila njiti, zote kwenye bolti moja ya milimita 3. Njiti ya kwanza imefungwa kwenye chesisi. Ya mwisho inasukumwa na mota ya servo (mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoiagiza), nazo za katikati zinavutwa na kitambaa. Bawa linafunguka nyuzi 90, hivyo kati ya njiti na njiti ni nyuzi 22.5, ambazo nchani ni milimita 62. Kipande cha kitambaa kinakatwa 68: 62 za nafasi yenyewe, 4 za mishono miwili na 2 za kulegea. Kikikatwa 62 kamili, bawa halifiki mwisho. Mota inanguruma na meno yake ya plastiki yanakatika. Vipande vyekundu na vya njano vishonwe kwa kupokezana. Kupaka rangi hukaza kitambaa, kikakataa kukunjika.

Servo ndogo ya aina ya SG90 inatosha. Bawa zima halifiki gramu 30, na linazunguka kwa ulalo, kwa hiyo uzito si tatizo. Kinacholishinda ni msuguano: ncha zikining'inia, njiti zinabanana pale kwenye bolti. Weka wosha ya plastiki kati ya kila njiti mbili (kifuniko cha ndoo kinafaa sana), kaza nati mpaka iguse, irudishe robo mzunguko, kisha ifunge kwa nati ya pili.

Servo mbili zikianza pamoja zinavuta umeme mwingi kwa ghafla, na bodi ya kuziongoza inajizima na kuwaka upya. Zipe betri yao, volti 4.8, waya hasi ziunganishwe na za bodi, na kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka) ya mikrofaradi 470 karibu na mota.

Bawa la kulia linakwama kwa sababu tundu lake lilitobolewa milimita 3.5, bolti inayumba. Litatanuliwa hadi 4 na kuwekwa bushi ya mrija wa shaba wenye tundu la milimita 3.