Mkono ulio juu ya maji uache upumzike

Mtu akihema baada ya kuogelea mita 15 tu za mtindo huru (freestyle), husema mikono yake haina nguvu. Mtazame mkono unapokuwa hewani: vidole vimebanana, kifundo kimekazwa, bega limepanda hadi sikioni. Hapo hakuna maji ya kuvuta, lakini misuli inafanya kazi. Hata mwenye nguvu atachoka.

Kila mkono una zamu mbili: chini ya maji ni kazi, juu ni mapumziko. Na hili si la waogeleaji wa polepole tu. Mwogeleaji Mrusi Alexander Popov alishinda mita 50 na mita 100 za mtindo huru kwenye Olimpiki za 1992 na 1996, mbio fupi kuliko zote, kwa mikono laini ajabu.

Mkono unapotoka karibu na paja, kiwiko kitangulie. Kuanzia kiwiko hadi vidoleni uache uning'inie. Kiwiko kikigoma kupanda, usilazimishe bega. Mara nyingi mwili umelala bapa. Ugeuze kidogo ubavu, bega na nyonga pamoja, kitapanda chenyewe.

Vidole viingie majini mbele ya bega, si mbele ya kichwa. Mkono ukivuka katikati, kiuno kinayumba na miguu inatanuka ili kukuweka sawa. Kutanguliza kidole gumba, jambo lililofundishwa sana zamani, nakushauri uliache: linasokota bega kwa ndani, na likirudiwa kila siku bega huanza kuuma.

Sasa kushika maji, mahali ambapo wengi hupoteza kila kitu. Mkono ukishanyooka mbele, usivute papo hapo. Vidole vielekee chini, kiwiko kibaki juu karibu na uso wa maji, mpaka kiganja na sehemu yote ya chini ya kiwiko vitazame ukuta uliotoka. Ndipo uvute, taratibu mwanzoni, ukiongeza kasi kuelekea nyongani. Ukikandamiza maji kwa mkono ulionyooka, unayasukuma kwenda chini: kifua kinainuka na miguu inazama. Kiwiko kikianguka, kiganja kinateleza bila kushika chochote. Vidole viache na mwanya mdogo. Kuvibana kunakaza mkono mzima.

Kagua pia mkono wa mbele unapogeuka kuvuta hewa. Kwa wengi hushuka ghafla, kwa sababu wanauegemea ili kuinua kichwa. Kichwa hakihitaji kuinuliwa. Kigeuze pamoja na mwili, jicho moja libaki majini. Na pumzi uitoe mara uso unaporudi majini, mapovu yatoke mfululizo. Anayeibana hulazimika kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja, na shingo ndiyo hukaza kwanza.

Mazoezi mawili yanatosha kwa kuanzia. Ogelea mita 25 mara 4 ukiburuza ncha za vidole juu ya maji mkono unaporudi mbele. Mkono uliokazwa utajionyesha hapo hapo, kwa sababu utarusha maji. Kisha mita 25 mara 4 nyingine, nusu ya kwanza umekunja ngumi, nusu ya pili umefungua. Ngumi inakulazimisha kuvuta kwa mkono wa chini ya kiwiko. Pumzika sekunde 20 hadi 30 kila mara.

Mwisho wa mazoezi, hesabu mikono katika kila mita 25, ukihesabu kila kiganja kinapoingia. Ukianza na 20 kisha ukafika 24 kwa mwendo uleule, umeanza kuteleza. Pumzika zaidi au toka majini. Ukiendelea, unauzoesha mwili makosa.

Baharini pakiwa na mawimbi, pitisha kiganja juu zaidi, hata mkono ukinyooka kidogo, kisigonge maji kabla ya kufika mbele. Ulegevu wa kifundo na vidole ubaki vilevile.